Theluji ya Profesa

...na koti lile ni langu, yaani nimelinunua mimi, pale soko la Warwick kwa yule mama anayetandika mitumba karibu na wauza mizizi, koti jekundu lililokosa kifungo kimoja nikashonea cheusi kwa sababu chekundu sikupata, na kifungo hicho cheusi nimekiona sasa hivi kwenye simu ya mteja wangu, katikati ya weupe mtupu, mtoto amesimama kwenye theluji imemfika vifundoni, anapunga mkono, na Belinda kanigeuzia simu juu ya bega lake anasema dada Imma hebu tazama haka katoto jamani, kazuri, na mimi nimetazama, nimesema ndiyo, kazuri, nikachomoa rasta nyingine nikaendelea kusuka. Nimesema kazuri. Mwanangu mwenyewe nimemsifia kama mtoto wa jirani, mdomo umejibu wenyewe kabla kichwa hakijafika, na sasa kichwa kimefika na vidole havitaki kusimama, gawanya, paka mafuta, ingiza rasta, zungusha, kaza, Belinda anasema taratibu dada unaning'oa, nasema pole, nalegeza kidogo... Belinda anasema picha ni ya Van Reenen, kule milimani. Cathy yuko Van Reenen. Cathy wangu, miaka tisa, niliyemwacha asubuhi mezani na uji wake, baba yake akaniambia leo nakwenda naye dukani Overport, atanisaidia kupanga kava za simu, aliniambia hivyo akinitazama machoni, Pascal, uso mkavu, na mimi nikamvalisha mtoto koti kwa ajili ya upepo wa hapa Durban na mvua hii isiyokatika tangu jana, nikamfunga shali, nikasema usimwache asimame mlangoni, akasema sawa bibi yangu, sawa, usiogope... kava za simu! Duka liko huku na yeye yuko kule juu barabara ya Johannesburg, saa tatu za gari, na mtoto ndani ya gari ambalo heater yake haijawahi kuwaka tangu tulinunue, na hilo analijua vizuri kwa sababu ni yeye aliyesema Durban nani anahitaji heater.

Belinda haachi kusema. Ni mwanafunzi huyu, Mtanzania wa Moshi, kichwa chake kiko mikononi mwangu tangu asubuhi na mdomo wake haujapumzika, anasema kwao theluji iko juu pale mlimani siku zote, wanaitazama tu wakienda sokoni, wageni ndio wanaolipa kuipanda, mpaka amefika Durban ndipo akajua kuna watu weusi wenzake wanaoifukuzia theluji kwa gari, kila baridi ikitangazwa wanajaza mafuta na thermos za chai, hao, akajiunga na group lao, Neje Durban, neje ndiyo theluji kwenu Wakongo, si ndiyo dada, ndiyo, ndiyo, Kifaransa hicho, na mkubwa wa group anaitwa Profesa, dada, yule baba ana kipaji, wenzake wote walisema baridi ya safari hii itaishia mvua, akasema hapana, manyunyu ya theluji yataanza alfajiri na hayatakoma mpaka jioni, na tazama, imekuwa vilevile, polisi wamefunga barabara juu na chini, magari yamekwama hayaendi mbele wala nyuma, raha hiyo, natamani ningekuwepo... Profesa. Profesa wa kava za simu. Jana nimelala na huyo Profesa, au niseme nimelala na mgongo wake, maana uso ulikuwa kwenye simu, ramani za rangi, buluu ni baridi, zambarau ni baridi zaidi, kila baada ya muda anaifungua upya aone kama zambarau imesogea, imesogea, Imma, amka uone, imeshuka mpaka Nottingham Road, na mimi nasema Pascal kuna watu wanalala hapa. Ningemkamata na mwanamke ningejua pa kuanzia. Ningekwenda kwa huyo mwanamke, tungevuana vitambaa, yangeisha, lakini zambarau utaivua nini? Wanaume wengine wana mpira, wana pombe, wangu ana wingu, na wingu likija anaoga, ananyoa ndevu, anavaa shati safi. Mimi ni mtoto wa Uvira, kwetu joto linalala na wewe kitandani, baridi nimeikuta ukubwani wala sijaipenda, lakini yeye amezaliwa Mutwanga, chini ya Ruwenzori, anasema alipokuwa mdogo mawingu yalifunguka asubuhi moja akauona weupe ule juu, mbali, wa sekunde chache tu, ukafungwa, akakaa akiutazamia miaka mpaka vita vikawatoa, hakuufikia, na mwanzoni aliponisimulia hayo nilimwonea huruma, nililia hata, nikampenda kwa ajili hiyo. Sasa hivi huruma hiyo sina. Nenda peke yako ukafe na weupe wako! Mtoto umempeleka wa nini?

Na hapa siwezi kusema kitu. Siwezi kusema Belinda huyo ni mwanangu, kwa sababu Belinda atasema hee kumbe, halafu atasema basi unaogopa nini, ana raha yule, na mimi nitajibu nini, nitajibu kwamba mwanangu ana selimundu, sisi tunaita SS, kwamba damu yake ikipata baridi seli zinajipinda na kukwama kwenye mishipa, na pale zinapokwama mfupa unauma mpaka mtoto anauma shuka, nimeshika miguu ile usiku mzima, nimeisugua, nimeona macho yake yanageuka njano, nimelala sakafuni hospitalini chini ya chupa ya maji, daktari akanichorea mundu kwenye kiganja chake kwa kalamu akaniambia mama, maji mengi, dawa kila siku, na baridi hapana, baridi kabisa hapana... nitasema hayo hapa? Maman Yvette amekaa pale kwenye kaunta na chai yake, saluni hii ni yake, na kanisani ni kiongozi wa akina mama, ni yeye aliyetushika mkono siku ile ya ushuhuda tukapanda mbele, mimi, Pascal na Cathy katikati, pasta amemwekea mtoto mikono, kwaya imepandisha, watu wamesimama, na Cathy akaambiwa sema, akasema nimepona, na kanisa zima likapiga vigelegele, mama wasiotujua wakanikumbatia. Na ukishatoa ushuhuda umetoa. Kwetu pale jina la ugonjwa likishafukuzwa halitajwi tena, ukilitaja umelirudisha, umemwita mwenyewe yule pepo aliyetoka, basi tangu siku ile nyumbani kwangu hakuna SS, hakuna kriz, yale maumivu yakishika, hakuna hata neno dawa. Pascal alitupa makaratasi yote ya hospitali. Alifurahi, jamani, alipiga simu Mutwanga na Butembo na mpaka Ubelgiji. Na mimi natia vidonge kwenye chupa ya vitamini, kila asubuhi naviponda ndani ya uji, Cathy anaijua ladha yake, hasemi, anakunywa, na kwa sababu anakunywa haumwi ovyo, na kwa sababu haumwi ovyo baba yake anashukuru Mungu kila chakula, anashukuru vidonge vyangu bila kujua, na kwa sababu anashukuru amemtoa mtoto mchana kweupe akampandisha kwenye theluji. Amepona, si amepona? Mtoto aliyepona anaogopa baridi ya nini? Na mama mkwe wangu, nisimsahau huyo, kabla ya ushuhuda alikuwa anasema kwenye simu damu hiyo ni ya Uvira, upande wetu haimo, wakati daktari kanieleza mbele ya Pascal kuwa mtoto hawezi kuwa hivyo bila baba na mama wote wawili kumpa, nusu kwa nusu, na Pascal akatazama dirishani. Anajua kutazama madirisha, huyo. Anatazama juu tu.

Nimempigia. Nilimwambia Belinda nakwenda kuchukua rasta nyingine stoo, nikapiga, ikaita, ikakatwa, nikapiga tena, ikakatwa kabla haijamaliza kuita mara moja, nikaandika Pascal mtoto yuko wapi, haikufunguliwa, na nilipokuwa narudi na rasta mkononi nikasikia sauti yake, yake kabisa, inatoka kwenye simu ya Belinda, batu ya group, mnaona maneno, neje iko inaanguka ya kweli kweli, mimi niliwaambia nini... Ana mtandao. Ana chaji. Ana kidole cha kunikatia mimi na kidole cha kuwatumia wao. Na mimi kwenye hilo group simo, alinitia, nikajitoa mwenyewe kwa hasira, kila saa ting, kila saa ting, picha za mawingu, nikasema sitaki, na sasa habari za mwanangu napata kwa mdomo wa mteja. Belinda anasema inua mkono kidogo dada, nisikie, inazungumza tena. Ni mwingine safari hii, sauti nzito, Kiswahili cha Tanzania, anasema mimi ni Chacha, nipo na lori la fanicha, nimesimama nyuma ya Profesa kama magari manne, injini naiwasha, humu ndani kuna joto na nina jiko la gesi, nimeona Profesa una mtoto, mlete apate chai ya moto. Nimesimama na rasta hewani. Mungu akubariki Chacha, sikujui, Mungu akupe unachotaka, mpeleke mtoto, Pascal, magari manne tu, mbebe... na ting, na sauti yake tena, inacheka, asante sana ndugu Chacha, sisi tuko bien, mtoto iko anacheza, hataki hata kuingia kwa gari, huyu ni mtoto wa neje kama papa yake. Halafu wengine wanaweka vile vikatuni vya kucheka. Belinda anacheka. Nakaza, Belinda anasema aa, dada, nasema pole, lakini safari hii sikuwa na pole moyoni, nilitaka mtu asikie kitu, yeyote, mahali popote.

Watu hawa wanaomba iongezeke. Wanaandika leta leta, Belinda ananisomea, wanaandika bado kidogo, wanaandika isikome, watu wazima, wenye watoto, wanaiombea baridi izidi kwa sababu baridi si yao, wataipiga picha, watarudi Point, watakwenda Overport, watajifunika blanketi, watasema ilikuwa raha... na mimi najua saa kumi ya usiku wa leo itakuwaje, hapana, sijui, mara iliyopita ilianza na vidole vya mikono ikaishia kifuani, ilipofika kifuani daktari hakuniambia usiogope tena. Video nyingine imeingia, Belinda anaishikilia juu ili na mimi nione, mkarimu, haya dada tazama Profesa anamhoji mwanawe, na naiona pua ya Pascal nyekundu, ndevu zimeshika weupe, amefurahi, sijamwona amefurahi hivi tangu ile siku ya kanisani, anageuza simu, na huyo Cathy, mikono ameiingiza kwapani. Mikono kwapani. Anakanyaga mguu mmoja, anabadilisha, anakanyaga mwingine, watu wanaona mtoto anaruka, anacheza kweli, lakini mimi nimezaa miguu hiyo, mimi najua anautafuta mguu usiouma, na anatabasamu midomo imefungwa, anavuta pumzi kwa pua, polepole, kama nilivyomfundisha kitandani.

"Cathy, sema na batu ya group. Uko unasikia baridi?"

"Hapana, papa. Siko nasikia."

"Uko na furaha?"

"Niko na furaha sana."

Na sauti hiyo naijua, wapi nimeisikia, ndogo, imenyooka, kila neno limewekwa mahali pake, naijua... nimepona. Ni sauti ile ile ya nimepona. Siku ile aliposhuka mbele ya kanisa magoti yalikuwa yanamuuma, alituambia nyumbani, mezani, akauliza papa, kama miguu bado inauma, nimesema uongo kanisani? Na Pascal akaweka kijiko chini, akamshika shavu, kwa upendo, hakumkaripia, akamwambia usiseme inauma, Cathy, ukisema haiumi itaacha kuuma, na mtoto akaitika kwa kichwa kama mtu aliyepewa kazi. Kumbe aliishika hiyo kazi. Na mimi hapa nimekuwa nikimlaani Pascal kwamba ni mwongo, kwamba ananificha, kwamba haoni, na ataona nini, maskini, ataona wapi, mtoto anamwambia haiumi. Anamwangalia mtoto, anamuuliza, anajibiwa. Atasimama pale kwenye theluji na furaha yake na mtoto atatabasamu mpaka aanguke, hatasema, hatamharibia papa siku yake, hatalirudisha jina, na mimi anaponiona nikimpa uji ananitazama hivyo hivyo, midomo imefungwa, mara ngapi nimemuuliza kuna mahali panauma akasema hapana mama kwa sauti hiyo hiyo na nikaenda kazini? Mtoto wangu anatutunza. Miaka tisa, anatutunza sisi wawili, huyu na imani yake, huyu na siri yake. Nilikuwa na hasira na theluji. Theluji ina kosa gani, inaanguka tu, ingeanguka tuwepo tusiwepo. Nina hasira na nimepona. Nina hasira na vigelegele vile, vya kila mama aliyenikumbatia, na chai ile ya Maman Yvette kwenye kaunta, na ukimya huu mtamu tulioujenga wote pamoja tukauita imani, na mtoto mmoja ndiye anayeulipia kwa mifupa. Nikingoja Pascal apokee simu hatapokea. Nikimpa Belinda ujumbe wa siri ampelekee, Pascal atasema Imma ana woga tu. Chacha yuko magari manne nyuma, ana joto, na hatashuka kwa sababu ameambiwa mtoto anacheza. Mtu mwingine hakuna. Hakuna namna ya kulisema pole pole.

Naweka kitana mezani. Belinda anauliza imeisha, dada, nasema bado, nipe simu yako, nataka kusema na group, anacheka, eti na wewe umependa theluji, nasema nipe, na labda ni sauti yangu, maana amenipa hapo hapo. Mikono yangu ina mafuta, kioo kinateleza, napangusa kidole kwenye aproni, nakibonyeza pale pa kurekodi, nashikilia. Maman Yvette amenyanyua macho kutoka kwenye chai yake. Anisikie. Saluni nzima isikie, na wakitaka wakimbie wakamwambie pasta.

"Chacha, mimi ni Mama Cathy, bibi ya Profesa. Mtoto ule iko na SS, ugonjwa ya damu, na baridi inaweza kumuua. Miguu na mikono yake iko inauma sasa hivi. Usimuulize, atakuambia hapana. Shuka, mubebe, umupeleke kwa joto, na papa yake akikatala umuambie bibi yake amesema mtoto hajapona. Hakupona hata siku moja."

Naachia kidole. Imekwenda. Jina la Chacha linatokea juu, anarekodi, na Belinda amegeuka kwenye kiti ananitazama, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama, mkono umeziba mdomo, namgeuza taratibu kwa mabega akae sawa. Mvua inapiga mlango. Nachukua kitana, nagawanya nywele, natafuta nilipoishia. Maman Yvette ameinuka kwenye kaunta, anaita, Imma, umesema nini, kwa sauti ya chini, ile anayotumia kanisani mtu akikosea wimbo, na mimi naingiza rasta, nazungusha, nakaza, simtazami, namwambia nimesema hajapona, Maman Yvette, na Jumapili nitakuja kulisema tena.